Kasi ya waya na kasi ya waifai nyumbani: pima kwanza, ndipo uongeze kifurushi

Nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, barabara ya 14, nilikuta wamepandisha kifurushi cha intaneti mara mbili ndani ya miezi mitano. Walianza na mega 10, wakaenda 20, kisha 40. Bado binti wa nyumba, anayesoma kwa njia ya mtandao akiwa chumba cha mwisho, ilimbidi abebe laptopu yake hadi kibarazani kila kipindi kilipoanza. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Fundi, hawa wanaotuuzia wanatuibia." Nikachomeka waya kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, nikapima: 39. Nikaenda chumba cha mwisho na laptopu ileile, safari hii kwa waifai: 6. Mega 40 zilikuwa zinafika mlangoni kwake siku zote, ila zilipotelea kwenye kuta kabla hazijamfikia binti.

Mama yule alikuwa amelipa pesa ya ziada kila mwezi kwa tatizo ambalo pesa hiyo haikuweza kuligusa. Ninaingia nyumba nyingi Tanga hii, na jambo hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye waya, hata kama huna mpango wa kuutumia. Waya ni kipimo cha kulinganishia. Bila huo, kila dalili utakayoiona unaikisia tu.

Kipimo cha waya

Safari ya data ina vipande viwili: kutoka nje hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa chako. Ukipima kwa simu ukiwa kitandani unapima vyote viwili kwa pamoja, na hujui kipi kinakuangusha.

Chukua laptopu na waya wa mtandao ulioandikwa Cat5e au zaidi ubavuni mwake. Chomeka kwenye tundu la ruta lililoandikwa LAN. Kisha zima waifai ya laptopu. Hapa wengi wanateleza: waya wamechomeka, waifai haijazimwa, na hawana hakika data imepita wapi. Waombe wenzako ndani waache simu zao kwa dakika tano. Fungua tovuti ya kupima kasi, chagua kituo cha Dar es Salaam ili usipime umbali wa Ulaya, upime mara tatu. Andika kasi ya kushusha, ya kupandisha, na ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde.

Sasa chomoa waya, washa waifai, kaa mita mbili kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati, upime tena mara tatu. Mwisho nenda pale unapolalamikia, chumbani au uani, ufanye vilevile. Utakuwa na mistari mitatu ya namba kwenye karatasi. Itunze, maana yote yanayofuata yanasomwa humo.

Kama laptopu haina tundu la waya, iko adapta ndogo ya USB. Angalia kabla ya kununua: za bei ya chini nyingi huishia mega 100, na kama kifurushi chako ni kikubwa kuliko hapo, utakuwa unapima adapta. Tafuta iliyoandikwa gigabiti (mega 1,000) na USB 3.

"Nimelipia mega 20, faili linashuka kwa 2.4"

Hapa hakuna ubovu. Kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti, faili linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Ishirini ukigawa kwa nane ni 2.5. Umepata karibu yote uliyolipia.

Waya kamili, karibu na ruta safi, chumbani inakufa

Hii ndiyo dalili ya barabara ya 14, na karibu kila nyumba ya Ngamiani ina umbo hilohilo: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Faiba, waya mwembamba wa kioo unaoleta intaneti, inaingia kwa mbele, kwa hiyo mfungaji anatoboa ukuta wa sebule na kuacha ruta palepale kwenye tundu, mara nyingi nyuma ya televisheni. Kutoka pale hadi chumba cha mwisho mawimbi yanakwenda kwa mshazari. Yanakata kuta tatu au nne za matofali ya saruji, na kila ukuta yanaupita upande, kama mtu anayekata mkate kwa mshazari: unene unaopitwa ni mkubwa kuliko unene wa ukuta wenyewe. Katika majengo ya zamani ya mjini, yale ya enzi ya Wajerumani, ukuta mmoja tu unaweza kumaliza kazi.

Ruta nyingi za sasa zinarusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka haraka ukutani. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi kwa kasi ndogo. Simu yako inaposogea mbali inahama yenyewe kutoka 5 kwenda 2.4, na hapo namba inaporomoka ghafla wakati vijiti vya waifai juu ya kioo bado vinaonekana vimejaa. Usiviamini vijiti hivyo. Weka programu ya bure ya kupima mawimbi, usome namba yake kwa desibeli, ambayo daima ina alama ya kutoa: -50 ni nzuri sana, -65 inatosha kwa kazi yoyote, ikifika -75 utaanza kuteseka, na -80 hapana kitu.

Tiba ya kwanza haihitaji kununua ruta. Sogeza uliyonayo. Kiboksi cha faiba kibaki sebuleni, vuta waya mmoja kutoka hapo hadi katikati ya korido, ruta uifunge juu, usawa wa kizingiti cha mlango. Iondoe nyuma ya televisheni, mbali na friji, kabati lenye kioo kikubwa, au tangi la maji. Chuma kinarudisha mawimbi na maji yanayameza. Banda la uani lililozungushiwa mabati huwezi kulifikia kwa kuongeza nguvu ya ruta. Lipelekee njia yake, nitafika huko.

Kwa yule mama tulitumia mita 9 za waya na misumari ya kubania. Chumba cha mwisho kikasoma 34.

Hata mita mbili kutoka kwenye ruta, waifai ni nusu ya waya

Kwanza hakikisha umeunganishwa kwenye mawimbi ya 5 wala si 2.4. Kama ruta inatangaza jina moja kwa yote mawili, ingia kwenye mipangilio uyape majina tofauti, angalau kwa siku ya kupima.

Ukiwa kwenye 5 na bado ni nusu, huenda hakuna kilichoharibika, na ningependa uelewe vizuri usije ukatupa ruta nzima. Waya una njia ya kwenda na njia ya kurudi kwa wakati mmoja. Waifai ni baraza. Walioketi wote wanaongea kwa zamu, na kabla ya mtu kufungua mdomo lazima asikilize kama pametulia. Akisema, anasubiri aitikiwe ndipo aendelee. Mambo hayo ya kusubiri na kuitikiana yanakula muda. Kwa hiyo kasi inayoandikwa kwenye boksi ni kasi ya mtu anapoongea, si ya mazungumzo yote.

Kwa namba: simu yenye antena moja kwenye gigahezi 2.4 huandikiwa kasi ya kiungo, yaani ile ambayo kifaa na ruta vimekubaliana, ya megabiti 72, na unachopata mkononi ni kama 35 hadi 45 siku nzuri. Laptopu yenye antena mbili kwenye gigahezi 5, kizazi cha waifai cha 2013 kinachoitwa Wi-Fi 5, huandikiwa 867, na kwa kawaida hupata nusu yake au zaidi kidogo ikiwa karibu na ruta. Waya wa mega 100 hutoa kama 94. Waya wa gigabiti hutoa kama 940, na hutoa hivyohivyo asubuhi, usiku, na jirani akiwepo. Faili la gigabaiti 4 kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya nyumba litachukua kama dakika 13 kwenye ile 2.4, chini ya dakika 6 kwenye waya wa 100, na kama nusu dakika kwenye gigabiti.

Sasa linganisha na kifurushi chako. Ukiwa na mega 20 za intaneti na waifai inayotoa 300, nusu iliyopotea hewani hutaiona kamwe. Itakuuma pale kifurushi kinapokuwa kikubwa kuliko uwezo wa waifai, au unaponakili mafaili baina ya vifaa vya ndani. Kupima ndani tupu bila intaneti kuna programu inaitwa iperf3, ya bure: kompyuta moja iwe kwenye waya na uandike iperf3 -s, nyingine iwe kwenye waifai na uandike iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya ile ya kwanza.

Na baraza hilo lina mzee mmoja anayesimulia polepole. Simu ya zamani iliyo mbali, labda uani, inaongea kwa kasi ndogo mno, na muda wote inapoongea wengine wamenyamaza. Simu moja ya namna hiyo ikishusha video inaweza kuwaangusha watu walioketi sebuleni karibu kabisa na ruta. Ukiona kasi inapanda ghafla kila mtu fulani akitoka nyumbani, umempata.

Majirani nao wako barazani. Kwenye 2.4 kuna nafasi tatu tu zisizogongana: chaneli 1, 6 na 11. Aliyeweka 3 anawasumbua wa 1 na wa 6 na yeye mwenyewe hapati raha. Fungua programu ya mawimbi, tazama chaneli ipi kati ya hizo tatu ina wachache wenye nguvu, uiweke kwa mkono. Upana wa chaneli uache 20. Jambo ambalo nimeliona hapa kwetu: umeme ukikatika mtaa mzima na kurudi, ruta zote zinawaka dakika moja, na nyingi zilizoachwa zichague chaneli zenyewe huchagua wakati huo hewa bado tupu. Zikisharundikana mahali pamoja hubaki hapo. Ndiyo sababu siku ya pili baada ya umeme kurudi watu wananipigia.

Waya wenyewe unagota 94

Kifurushi ni 200, ruta ni ya gigabiti, na kipimo cha waya hakivuki 94 hata mara moja. Namba hiyo ikijirudia bila kubadilika ni alama: kiungo kimeshuka hadi mega 100. Waya wa mtandao una nyuzi nane, jozi nne. Mega 100 inahitaji jozi mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote nne. Uzi mmoja ukikatika katika hizo nyingine, vifaa vinakubaliana kurudi 100 kimyakimya na taa inaendelea kuwaka.

Nilipata hivyo Raskazone, nyumba inayotazama bahari. Waya ulikuwa umepita kwenye dari miaka minne. Nilipokata kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kwenye ncha ya waya, na kukitazama kwenye mwanga, pini ya nane ilikuwa na kutu ya kijani, na uzi wa kahawia ulikatika ulipoguswa na kucha. Nikaukwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Hewa ya chumvi inaingia kwenye kichwa, na aluminiamu haina uvumilivu wa shaba. Fanya jaribio hilo la kisu dukani kabla ya kulipia boksi la mita 305, muuzaji mwaminifu atakuruhusu.

Kufunga kichwa upya, utaratibu wa rangi ulioenea ni huu, ukishika kichwa kilimi kikiwa chini na pini zikitazama juu, kutoka kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawa. Usifumue jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo, kule kusokotana ndiko kunakozuia kelele.

Namba nzuri, lakini simu ya video inakwama

Kipimo cha kasi kinaonyesha 30, na bado sauti inakatika kama mtu anazama. Hapa usitazame kasi, tazama ping. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t ikifuatiwa na anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au iliyobandikwa chini ya ruta. Kwa waya namba itakaa chini ya 1 au kwenye 1. Kwa waifai nzuri itacheza 2 hadi 5. Ukiona 3, 4, 180, 5, 260, basi hewa imejaa au umekaa mbali, na tiba ni zile za juu.

Ikiwa ping ya ruta ni tulivu, jaribu ping ya nje, 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google, huku mtu akipandisha picha au video. Ikiruka kutoka 30 hadi 400, kosa liko kwenye njia ya kupandisha. Simu ya mtu ndani inahifadhi picha mtandaoni, njia hiyo nyembamba imejaa, na maneno yako yako kwenye foleni nyuma ya picha za harusi. Hili linakupata hata ukiwa kwenye waya, kwa hiyo usiilaumu waifai. Panga uhifadhi wa picha ufanyike usiku wa manane, au kama ruta ina mpangilio wa QoS, ule wa kupanga nani apite kwanza, weka kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 90 ya ulichopima.

Jioni tu, kuanzia saa 2 usiku

Pima kwa waya saa 2 usiku, kisha saa 12 asubuhi. Waya ukishuka usiku, msongamano uko kwa mtoa huduma. Waya ukibaki palepale na waifai ikashuka, ni majirani wamerudi nyumbani: chaneli.

Umeweka repita, vijiti vimejaa, kasi haipo

Repita ya kawaida inasikia na kurudia kwa redio ileile, kila neno linasemwa mara mbili, na kasi inagawanyika karibu nusu. Mbaya zaidi watu huichomeka chumba chenye shida, mahali ambapo yenyewe haisikii. Iweke katikati ya njia, penye -60 au -65. Bora kuliko hapo, ipelekee waya na uibadilishe mpangilio iwe kituo cha waifai kamili. Kituo kimoja kilichofikishiwa waya mimi nakipenda kuliko repita tatu.

Kifaa kimoja tu

Wengine wote sawa, hicho kimoja taabu: futa mtandao huo kwenye kifaa uunganishe upya, angalia kama kina uwezo wa gigahezi 5, na kama ni laptopu, chomoa diski ya USB 3 iliyo ubavuni upime tena. Nyaya za USB 3 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4.

Mtaa mzima

Ukiona tovuti za nje zinasuasua kwa kila mtu, mitandao yote, usifungue bisibisi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoyumba. Siku ile nilipigiwa simu na watu waliokuwa tayari wameshazirudisha ruta zao kwenye mipangilio ya kiwandani, na kazi iliyofuata ilikuwa kuwarudishia nywila.

Kipi kiende kwenye waya

Televisheni, kompyuta ya mezani, kituo cha pili cha waifai, na kinasa picha cha kamera. Vitu visivyotembea havina sababu ya kukaa barazani, na kila kimoja unachokitoa hewani kinawaachia simu nafasi. Kwa hiyo waya kwenye televisheni unaiharakisha simu yako.

Kwa banda la uani tumia waya mweusi wa nje, wa ndani hupasuka kwa jua ndani ya misimu michache. Na kama banda ni jengo la peke yake lenye umeme wake, usivute shaba kati ya majengo mawili. Radi ikipiga jirani, waya huo unaileta hadi kwenye ruta na kila kilichochomekwa. Vuta faiba, au weka antena mbili zinazotazamana.

Unapompigia mtoa huduma

Ikiwa mstari wa waya ndio ulioshuka, mpigie ukiwa na karatasi mkononi, na useme hivi: "Nimepima kwa waya kwenye tundu la LAN, waifai imezimwa, kifaa kimoja tu. Kifurushi ni 40. Jana saa 2 usiku nimepata 11, leo saa 12 asubuhi 38, na juzi hivyohivyo. Kiungo kwenye kompyuta kinasoma 1000." Ataacha kukuambia uzime na kuwasha, atakupandisha kwa fundi wa laini.